Machinga Complex: Msianze na Rangi

Kila hoja ya kulifufua jengo la Machinga Complex, ghorofa za vizimba vya wachuuzi wa barabarani pale Ilala, Dar es Salaam, inapoibuka, mjadala huanzia kwenye ukarabati: rangi, paa, taa, vyoo. Sina ugomvi na vyoo. Ila jengo lile halikukimbiwa kwa ubovu. Lilipokamilika, miaka ya mwanzo ya 2010, lilikuwa linang'aa, na bado wamachinga wengi waliopewa vizimba walivifunga wakarudi barabarani. Kwa miaka mingi ghorofa za juu zilibaki za popo. Kilichokimbiwa kikiwa kipya, sioni rangi itakirudishiaje watu.

Shuka kituo cha Karume, jirani na jengo hilo, uone. Miguu yenyewe inakupeleka kwenye soko la mitumba, huulizi mtu. Marobota yanafunguliwa alfajiri, wachuuzi wanagombea jinzi na mashati ya kola kabla hata hayajatandazwa, na jua likipanda bei inaimbwa kwa sauti: buku, buku, chagua mwenyewe! Soko hilo liliteketea Januari 2022, na biashara ikarudi. Hakuna aliyetangaziwa. Sasa mtu huyo unayetaka apande ngazi kwenda kutafuta soksi ghorofani, soksi zinamfuata mpaka dirishani mwa daladala. Apande kwa lipi?

Hapo ndipo wapangaji wetu huteleza. Wanahesabu vizimba. Jengo lina nafasi elfu kadhaa, basi wamachinga elfu kadhaa wamepata pa kukaa, taarifa inaandikwa, tunapiga makofi. Machinga hauzi kwa sababu ana kizimba. Anauza kwa sababu amesimama mahali watu wanapita. Mwondoe kwenye njia ya watu, umemwachia mzigo tu.

Na Serikali yenyewe ilichanganya mambo. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka, na aliyekuwa nacho hakupaswa kubughudhiwa. Kizimba cha kulipia kodi kila mwezi kingeshindana vipi na barabara ya elfu ishirini kwa mwaka mzima? Mwaka 2021 upepo ukageuka, meza zikavunjwa, watu wakaelekezwa kwenye maeneo rasmi. Wengine walikwenda. Lakini kwenda kwa kufukuzwa si sawa na kwenda kwa sababu kuna wateja, na wengi wenu mnaopita Kariakoo mnajua waliishia wapi.

Mimi ningeanza na mafundi cherehani. Tazama kijana aliyenunua jinzi pale Karume: kiuno kikubwa, miguu mirefu. Akishalipa tu, anamtafuta fundi wa kupunguza. Fundi yuko pembeni ya mtaro na cherehani yake ya kukanyaga, mwavuli umefungwa kwa kamba kwenye nguzo, na kijana anasubiri amesimama, vumbi lote lake. Huyu fundi mteja anamfuata popote alipo. Mpandishe ghorofa ya kwanza, mpe umeme wa uhakika na benchi la wanaosubiri, na umepata watu wanaokaa nusu saa nzima mle ndani bila shughuli. Wanaosubiri hununua. Watakunywa soda, watakula kwa mamalishe, watachaji simu, watatazama mikanda na viatu vya kuvalia hiyo jinzi.

Biashara za kufuatwa ziende juu, za kukutana nazo njiani zibaki chini. Fundi simu, wasusi, stoo za marobota (hapa pawe na winchi, jamani, kuli hawezi kupandisha robota mgongoni kutwa), dirisha la leseni na la mamlaka ya kodi. Soksi, vitana, maji ya kunywa na vocha vikae chini kabisa, mlango ukitazama kituo. Na mlango uwe mlango kweli. Ukuta na geti la mlinzi vinamwambia mpita njia kwamba humu kuna ofisi ya watu.

Hata Mlimani City, kituo cha maduka kilichofunguliwa 2006 kwa ajili ya wenye magari, hakikuwapandisha wateja ngazi: maduka yake mengi yako chini, na kiliwekewa duka kubwa la kuvuta watu ili wadogo wapate wapita njia. Karume tayari ina kivutio chake, tena cha bure. Kinachotakiwa ni kukiunganisha na jengo.

Linabaki suala la pesa, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Jiji lilijenga jengo hilo kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, riba ikazaa riba, deni likavimba. Mwenye deni hana subira na mpangaji, kwa hiyo kishawishi cha kwanza cha Jiji, ukarabati ukiisha, kitakuwa kupandisha kodi. Wakifanya hivyo wataingia wenye mitaji, watachukua vizimba vitano vitano kwa majina ya shangazi zao, kisha watavipangisha kwa mlango wa nyuma, na kilemba juu. Ningependa kodi ipangwe kwa ghorofa: chini walipe bei ya soko, ghorofa ya kwanza nusu yake, na juu kabisa wasilipe chochote mwaka wa kwanza, kwa sharti moja la maandishi kwamba kizimba kitakachokaa siku thelathini kimefungwa anapewa aliye kwenye foleni.