Mwenye Kulipa Ada Si Mwenye Siri

Wateja wengi wanaofika katika chumba changu cha ushauri nasaha hapa Kisumu huletwa na mtu mwingine. Kijana aliyeacha chuo huletwa na mjomba anayemlipia karo, mke huletwa na mama mkwe, na mjane huletwa na mashemeji ambao wangependa ashawishiwe akubali kurithiwa. Aliyemleta ndiye hutuma ada kwa M-Pesa, na kwa sababu hiyo hutarajia kwamba kikao kikiisha nitamwita kando nimweleze yaliyosemwa. Msimamo wangu ni kwamba, mradi mteja ni mtu mzima, mlipaji hana haki hiyo hata akiwa mzazi wake, na kwamba mshauri anayelegea hapo hana tena kazi ya maana ya kufanya na mteja huyo.

Ndiyo maana kabla ya kikao cha kwanza huwaketisha wote wawili na kuwaeleza masharti yangu wakisikilizana. Mlipaji ataarifiwa, tena kwa idhini ya mteja, kama vikao vinahudhuriwa. Zaidi ya hapo hataambiwa lolote. Mteja naye huelezwa waziwazi kwamba siri yake ina mipaka: nikiona uhai wake au wa mtu mwingine umo hatarini, nikigundua kwamba mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiniamuru, nitalazimika kusema, na nikiweza nitamwambia yeye kwanza. Baadhi ya walipaji hukasirika. "Daktari, huyu nimemlea mimi," huniambia (mimi si daktari, na nimekwisha kuchoka kusahihisha), kana kwamba kumlea mtu ni kununua mawazo yake. Anayekataa masharti hayo humrudishia ada yake, kisha nikamwambia mteja kwamba mlango uko wazi siku atakapotaka kuja mwenyewe, kwa ada anayoimudu.

Wapo washauri wenzangu wanaosema kwamba usiri wa namna hii ni mtindo wa kigeni, kwa kuwa Mwafrika ni mtu wa jamaa na shida yake ni shida ya ukoo mzima. Hoja hiyo siidharau, kwa sababu mengi ninayoyasikia kwa kweli yamo ndani ya ukoo: shamba ambalo halijagawanywa, mahari ambayo haijakamilika, michango ya mazishi iliyomwacha mtu na deni. Hata hivyo, wanaoitoa husahau kwamba jamii hizo zenyewe zilijua kutenga mahali pa maneno yasiyofika kwa wazazi. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo wasichana walilala na kufundishwa mambo ya maisha, na sidhani kwamba bibi aliyependwa na wajukuu alikuwa yule aliyepeleka kila neno kwa baba zao asubuhi. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1957 aliandika kuhusu hali zinazomwezesha mteja kubadilika, alisisitiza kumkubali mteja bila masharti. Mimi huongeza kwamba mteja hawezi kusadiki kuwa amekubaliwa ilhali anajua kuna mtu barazani anayesubiri ripoti.

Ugumu mkubwa huja pale mteja anapofikiria kujiua. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo mtu aliyenusurika aliweza kutoka hospitalini akaishia mbele ya hakimu, na jamaa wengi walichagua kusema kwamba amekunywa dawa ya mifugo kwa bahati mbaya. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Naiona hukumu hiyo kuwa msaada mkubwa kwa kazi yetu, ingawa hofu haiondoki vijijini kwa kasi ya hukumu. Bado huanza kwa kumhakikishia mteja kwamba swali langu si la polisi. Kisha humuuliza moja kwa moja, bila kuzungukazunguka, kama amefikiria njia na kama anayo nyumbani, na hapo huomba idhini yake tumwite mtu mmoja anayemwamini, ambaye mara nyingi si yule aliyemleta.

Kuna jambo dogo ambalo wageni hulishangaa. Mji huu ni wa watu wanaojuana, na kumpita mtu bila salamu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tunapatana mapema kwamba tukikutana sokoni Kibuye sitamsalimu mimi kwanza. Akitaka kunisalimu nitaitikia kama ninavyomwitikia mtu yeyote.

Jamaa nao siwafungii nje. Mteja akiwa tayari, yeye ndiye huchagua nani aitwe, na kabla ya siku hiyo tunakaa pamoja kupanga ni yapi yatasemwa na ni yapi yatabaki kati yetu. Katika kikao hicho mteja huzungumza kwanza, jambo ambalo huwakera wazee waliozoea kufungua kikao wao. Mjomba akinigeukia kutaka nimweleze kijana alimaanisha nini, humwomba amuulize kijana mwenyewe, kwa kuwa ameketi papo hapo.