Lugogo hatuhitaji Nike

Oktoba 2024 NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na Nike waliongeza mkataba wao wa jezi hadi 2037. Habari kama hiyo ikitoka, hapa Kampala hakosekani mtu wa kuuliza: na sisi lini? Lini Adidas au Puma watakuja kuivalisha ligi yetu ya kikapu? Mimi naona swali hilo limekaa upande toka mwanzo.

Hebu tuwatazame wenyewe wanaogombania. Miaka ya 90 jezi nyingi za NBA zilikuwa za Champion. Mwaka 2001 Reebok wakasaini mkataba wa miaka kumi. Haujaisha, Adidas wakainunua Reebok yenyewe, na 2006 wakafunga mkataba wao wa miaka 11, zaidi ya dola milioni 400. Mwaka 2015 wakasema hawaongezi. Nike wakarukia: miaka minane kuanzia msimu wa 2017-18, kwa kiasi kilichotajwa kuwa dola bilioni moja.

Sasa sikiliza kichekesho. Miaka yote hiyo ya Adidas, nembo yao haikuwemo kwenye jezi ya kuchezea. Kifuani hamna kitu, na miguuni nyota kama LeBron, Kobe na Durant wanatamba na Nike! Maana mkataba wa ligi unahusu jezi tu. Viatu kila mchezaji anaelewana na kampuni yake. Ndiyo sababu hata leo Curry yuko uwanjani na nembo ya Nike kifuani wakati jina lake lilijengwa na viatu vya Under Armour.

Basi Adidas walikuwa wanalipia nini? Walikuwa wanalipia duka. Jezi za kuuziwa mashabiki ndizo zilizobeba nembo. Ingia soko la Owino, kwenye mafungu ya nguo za michezo, utafute jezi ya mtumba ya Lakers ya miaka ile: utaiona alama ya Adidas imeshonwa kifuani, nyuzi zake bado imara kuliko pindo. Muuzaji mmoja aliniapia kwa Mungu kwamba hiyo alama ndiyo ushahidi kuwa jezi imetoka uwanjani. Ukweli ni kinyume: ile aliyotokwa nayo jasho Kobe Bryant haikuwa nayo. Nilinunua hata hivyo, bei ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo pesa wanayoifukuzia iko kwa shabiki, na shabiki huyo sisi tunaye. Usiku wa fainali ya kikapu pale uwanjani Lugogo angalia majukwaani. Lakers, Bulls, Warriors, nyingi zikiwa feki, namba zimeanza kubanduka pembeni kwa kupigwa pasi. Kila mmoja wa wale ametoa pesa mfukoni kuvaa timu ambayo hataiona kwa macho yake. Mimi nilipotaka jezi ya klabu ninayoishabikia hapa nyumbani niliambiwa zimeshonwa za wachezaji tu, labda nisubiri msimu uishe nipewe iliyokwisha kuvaliwa. Nina pesa mkononi, naambiwa nisubiri makombo.

City Oilers walipocheza BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, mwaka 2023, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko, walivalishwa kama timu nyingine zote za mashindano hayo, kwa sababu Nike na Jordan ndio wenye haki ya jezi za BAL nzima. Kama kuna la kuiga, ni hilo: ligi inauza haki kwa pamoja. Kwenye NBA hata timu ya mji mdogo kama Memphis iko ndani ya mkataba uleule wa Lakers. Kwetu kila klabu na fundi wake. Fundi mwenyewe anapewa oda ya jezi kumi na kitu, atatoa wapi hamu ya kununua mashine nzuri?

FUBA, shirikisho letu la kikapu, waziketishe klabu meza moja, haki wapewe washonaji wa hapahapa, tuseme kwa miaka mitatu. Pesa taslimu mwanzoni huenda isiwepo, na si neno. Jezi za wachezaji zitoke bure, na kila jezi ya shabiki ikiuzwa, klabu ipate fungu lake. Wenzetu wa soka hawakungoja Ulaya: shirikisho lao, FUFA, wana chapa yao, Janzi, na timu ya taifa, Cranes, wanaivaa.

Wapo watakaoniletea hotuba ya pamba ya Uganda. Waiache kidogo, jezi za kikapu ni poliesta, na kitambaa chenyewe kitaagizwa nje. Tunachoweza kubaki nacho ni kazi ya kukata, kushona na kuchapa, pamoja na faida ya dukani.

Wengine watasema ubora. Haya. Usiku wa kwanza wa msimu wa kwanza wa Nike, Oktoba 2017, jezi ya LeBron ilichanika mgongoni mbele ya dunia nzima. Miaka miwili nyuma, jezi ya Adidas yenye mikono ilimkera hadi akaichana mwenyewe katikati ya mechi. Fundi wa Kampala akikosea mshono, angalau tunajua kibanda chake kilipo.

Ninachosisitiza kiandikwe kwenye mkataba huo ni kipengele kimoja: jezi za mashabiki, za watoto zikiwemo, ziwe mezani mlangoni Lugogo siku ya mechi ya kwanza ya msimu. Zikichelewa, mshonaji alipe faini.