Walatino na habari za afya mtandaoni: kabla hatujawalaumu kwa WhatsApp

Kila ikitajwa afya ya Walatino wa Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, utasikia maneno yale yale, eti wenzao wa Kiingereza wakiumwa wanaingia Google wanasoma, wao wanasubiri TV, shangazi na meseji za WhatsApp. Sikatai kuna ukweli. Mwaka 2021 Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, walikuta 46% ya Walatino wanatumia WhatsApp, wazungu 16% tu, na kipindi cha korona uongo mwingi wa Kihispania ulipita humo humo kwenye magrupu ya familia.

Ila naona stori tunaianzia mwisho. Mwaka 2001 JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, lilitoa utafiti uliokagua saiti za Kiingereza na za Kihispania kuhusu saratani ya matiti, sonona, unene uliopitiliza na pumu ya watoto, wakatazama yale mambo ambayo mgonjwa anatakiwa ayakute pale. Kwenye Kiingereza 24% hayakuguswa kabisa. Kwenye Kihispania, 53%. Hebu itazameni hiyo namba vizuri, zaidi ya nusu, na sio kwamba yaliandikwa kwa kifupi au yalikosewa, hayakuwepo, yaani mama ana mtoto wa pumu, usiku kifua kinabana, anaandika swali lake kwa lugha anayoielewa na hapati kitu, anampigia dada yake, halafu sisi tunakuja kusema hawa watu hawana mazoea ya kusoma. Na hata kilichokuwepo, 86% ya zile saiti za Kihispania zilitaka msomaji wa kiwango cha sekondari au zaidi (za Kiingereza zote, kwahiyo huko nako mtu wa kawaida aliachwa).

Utafiti wa zamani, ndio. MedlinePlus, saiti ya afya ya serikali ya Marekani, ilikuja kwa Kihispania 2002 na imesaidia sana. Lakini Januari 2021 idara ya afya ya jimbo la Virginia iliachia mashine itafsiri maswali ya chanjo ya korona, Kiingereza kinasema chanjo sio ya kulazimishwa, Kihispania kikatoka kwamba chanjo haina haja. Hiyo haikutoka kwa shangazi.

Halafu kuna simu. Pew hao hao, 2021 hiyo hiyo: Mlatino mmoja kati ya wanne anaingia mtandaoni kwa simu janja tu, nyumbani hana intaneti, wazungu ni 12%. Mpe huyo PDF ya kurasa kumi na mbili, anaivuta kwa vidole kulia kushoto mpaka anachoka, wakati ujumbe wa sauti anabonyeza tu anasikia.

Wanaosema tafsiri ni gharama, na kwamba Walatino wengi wamezaliwa Marekani na Kiingereza wanakisoma fresh, hawajakosea. Wanaobaki nje ni wazee na waliohamia juzi, na hao wazee ndo wenye sukari na presha za kufuatilia kila siku. Amri ya Clinton ya 2000 ilizitaka idara za serikali kuu ziwahudumie wasiojua Kiingereza vizuri, Machi 2025 Trump akaifuta. Sheria ya haki za kiraia ya 1964, ile inayokataza ubaguzi, ipo bado, hospitali zinazopokea hela za serikali kuu haziwezi kuikwepa, ila Kihispania kwenye saiti za idara zenyewe sasa hivi kimeachwa mikononi mwa mkuu wa kila idara, atakavyoona yeye.