Nusu ya Twiga

Hivi jamani, huyu "mshkaji" ni nani? Kila anayeingia kibandani kwangu anataka bei ya mshkaji. Mimi simjui, lakini kila siku anapunguziwa!

Nachora tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, hapahapa Dar. Asubuhi napanda daladala, konda hanipi nauli ya mshkaji. Mchana nikamwambia mama ntilie, "Nipunguzie, nitakutangaza kwa watu." Akaichukua sahani yangu, maharage akayarudisha sufuriani. Jioni huyohuyo kapita kwangu, kamtazama tembo, kaguna: "Kaka, hii si rangi tu?"

Rangi tu! Kopo la rangi ya mafuta limepanda, kitambaa cha marekani kimepanda, mbao za fremu ndiyo usiulize. Na rangi yenyewe ina dharau. Unapaka ya chini, unasubiri ikauke ndipo uweke mnyama, kisha madoa. Masika ikianza, inagoma. Ukilazimisha, madoa ya chui yanachuruzika mpaka anaonekana kama ametoka msibani. Huyo hata mshkaji hamtaki.

Halafu kuna wataalamu wa kuniambia sanaa iwe ya watu wote. Nani amekataa? Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanzisha uchoraji huu 1968 alichora kwenye vipande vya siling bodi kwa rangi ya baiskeli, vitu vya dukani tu, picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Bei zilikuwa za chini, na wanunuzi wengi wageni. Mwaka 1972 polisi wakamdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Leo vibao vyake vinasakwa na wakusanyaji mpaka Japani. Sasa hizo hela atazifuata nani, yeye? Mimi nataka zangu nikiwa bado napanda daladala.

Wenyeji je? Ingia sebule za mtaani kwetu: televisheni ya ukuta mzima, na pembeni kalenda ya duka la mabati, ya mwaka uliokwisha zamani. Mwenye nyumba anakwambia picha ni anasa. Televisheni hajasema kitu.

Nikasema basi, nichore vidogo, vya ukubwa wa kiganja, kila mtu amudu. Kumbe twiga mdogo ana madoa yaleyale ya twiga mkubwa! Tofauti ni kwamba brashi inabaki na nywele chache na macho yanadai miwani. Nikamaliza mmoja, mgongo umekufa ganzi. Mteja akamgeuza-geuza, akauliza: "Huyu si bado mtoto? Nitoe nusu?"

Ndipo nikafungua daftari. Lipa kidogokidogo, picha inakaa kwangu mpaka umalize. Hili nalisifia, maana mtu wa kipato cha kila siku hawezi kutoa hela yote kwa mkupuo, na mimi napata cha kununulia rangi katikati ya wiki. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa jirani yangu fundi cherehani, kachagua twiga mkubwa, yule wa futi nne. Mlipaji mzuri, kila Ijumaa analeta, hata kumkumbusha hakuna.

Juzi kaja na mkasi.

"Kaka, nimeangalia daftari. Nimefika nusu."

"Ndiyo, hongera."

"Basi nikate changu."

Nilidhani anatania. Kashatoa na futikamba, anapima.

"Sasa fundi, unachukua nusu ipi?"

"Ya juu. Miguu nitaifuata mwisho wa mwezi."