Namba moja redioni si lazima iwe namba moja mtaani

Nimesoma makala kuhusu muziki wa Mexico, na mwandishi wake anasema wimbo ulioshika namba moja kwenye redio za Mexico ndio "unaopendwa kuliko yote" huko. Hapo sikubaliani naye. Chati ya redio, yaani orodha ya nyimbo zinazoongoza, kama ile ya Monitor Latino, inahesabu nyimbo zilizopigwa na vituo, na anayechagua cha kupiga ni kituo, si msikilizaji.

Chukua narcocorridos, zile nyimbo za kusimulia habari za wauza dawa za kulevya. Kwa miaka mingi vituo katika majimbo kadhaa vimezibania, na mwaka 2011 serikali ya jimbo la Sinaloa ilizipiga marufuku hata kwenye baa. Je, watu waliacha kuzisikiliza? Wapi! Zilihamia kwenye magari, sherehe na simu, ambako chati ya redio haifiki.

Halafu kuna jambo ambalo makala imelipita kabisa, nalo ndilo ninalolipenda mno. Mwaka 2023 "Ella Baila Sola", wimbo wa kundi la Eslabon Armado na mwimbaji Peso Pluma, ulifika namba 4 kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani. Muziki huo wa Kimeksiko wa magitaa na matarumbeta, uliokuwa ukidharauliwa kama wa washamba, ukaimbwa Kihispania mwanzo mwisho na ukafika huko! Kilichousukuma hasa ni vijana na simu zao, kwa kuusikiliza mtandaoni.

Naomba makala ijayo iweke chati ya redio na ya mtandaoni pamoja, wiki ileile, tulinganishe wenyewe.