Mbeba boksi, Walter Tull na babu zetu wa Kariakoo

Niko Northampton, Uingereza, mwaka wa saba huu, kazi ile ile mnayotutania, kubeba boksi. Siku za off huwa natembea mpaka kule Sixfields, uwanja wa Northampton Town, na pale kuna barabara inaitwa Walter Tull Way. Miaka miwili napita nikijua ni diwani fulani tu wa zamani, si unajua wazungu hawachoki kuita barabara majina ya madiwani.

Kumbe ni mweusi mwenzetu bana, tena mchezaji! Baba yake seremala kutoka Barbados, mama mzungu wa Kent, kazaliwa Folkestone mwaka 1888. Kufika miaka 9 wazazi wote wameshafariki, yeye na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima London. 1909 akasajiliwa Spurs, fikiria mweusi anacheza ligi ya juu Uingereza mwaka huo, na walivyoenda kucheza Bristol mashabiki wakamtukana rangi yake mpaka magazeti yakaandika, baada ya hapo akawa hapangwi sana, 1911 akaja huku Northampton akapiga mechi 111. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijiunga jeshi desemba 1914, kwenye kile kikosi cha wanasoka. Kapigana Somme, 1917 wakampa uluteni usu wakati kanuni zao wenyewe zilikuwa zinataka ofisa awe na damu ya Kizungu tupu, akaongoza wazungu kule Italia mto Piave. Machi 25 1918 akapigwa risasi Ufaransa, ana miaka 29. Askari wake walijaribu kuuvuta mwili risasi zinanyesha, wakashindwa. Hana kaburi mpaka leo, jina tu liko kwenye ukuta wa kumbukumbu Arras.

Hapo kwenye kukosa kaburi ndo paliponishika. Marehemu bibi yangu alikuwa anasema babu yake alikamatwa na Waingereza vita hiyo hiyo akabebeshwa mizigo wakaelekea kusini kumfukuza Mjerumani, hakurudi. Basi, hadithi nzima ndo hiyo, hata jina bibi alikuwa halitaji, anasema "yule aliyekwenda". Na wako wengi wa hivyo, ile Kariakoo yetu ya Dar yenyewe ni Carrier Corps, wapagazi, kambi yao ilikuwa pale na wazee wakalitamka walivyoweza. Leo tunasema dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, tunatukanana wiki nzima kuhusu penati na hakuna anayewaza tumetaja jina la nani. Pale Posta tuna sanamu ya Askari ya 1927, nzuri, tunapigia picha, ila ni ya askari yeyote, haina jina la mtu.

Msije mkasema nasifia Ulaya. Huyu Tull wenyewe walimsahau, jiwe lake la kumbukumbu pale uwanjani limewekwa 1999, miaka 81 imepita! Na hao hao wanaotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ndo 2021 wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wakaomba radhi. Sasa radhi naiweka wapi? Ila tofauti naiona, huku kuna watu wa kawaida waliokaa wakafukua makaratasi ya Tull, wakapiga kelele hadi jiwe likasimama, sisi tunasubiri serikali, na makaratasi yetu ni wazee, nao wanaondoka kila msimu wa mvua.

Jumapili nimempigia shangazi nikamuuliza yule aliyekwenda aliitwa nani. Akacheka kwanza, akaniuliza huko baridi imekuzidi? Halafu akasema jina analijua mzee mmoja kule kijijini, ila simu yake haipatikani. Nimemwambia atafute bodaboda amfuate, nauli natuma mimi.