Kibofu dhaifu kwa mwanamke: presha ndogo si ushahidi tosha

Mwanamke akilalamika kuvuja mkojo, wengi hufikiria mambo mawili tu: kibofu kinabana ovyo, au mlango wake umelegea. Wanasahau la tatu, yaani msuli wa kibofu kukosa nguvu ya kusukuma. Mkojo hauishi, unajaa, unafurika. Huyu akipewa dawa za kutuliza kibofu, au akafanyiwa upasuaji wa kuwekewa utepe chini ya mrija wa mkojo, anaweza kushindwa kukojoa kabisa.

Je, ultrasaundi inatosha kumgundua? Mgonjwa anakojoa, anapimwa papo hapo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, mara 0.52, unapata mililita zilizobaki. Wanaoitetea wana hoja. Utafiti wa Marekani wa 2012, uliohusisha wanawake 630 wanaovuja wakikohoa, ulionyesha kuwa kupima presha ya kibofu kabla ya upasuaji hakukuongeza mafanikio. Ila waliobakiwa na mililita 150 au zaidi hawakuhusishwa, na hao ndio tunaowazungumzia.

Mkojo uliobaki hausemi kama msuli umechoka au njia imeziba. Hapo panahitajika katheta, yaani mrija mwembamba wa kupima presha, kwenye kibofu na nyingine kwenye puru. Presha ya puru, inayowakilisha ya tumbo, inaondolewa kwenye ya kibofu; inayobaki ni ya msuli wenyewe. Kabla ya kujaza kibofu maji, mgonjwa akohoe. Mistari miwili ya presha kwenye skrini isipopanda sawa, huenda kuna hewa kwenye mirija, na ukiendelea hivyo unapoteza muda.

Namba nazo zina mtego. Tuseme mkojo unapotoka kwa kasi zaidi, mililita 13 kwa sekunde, presha ya msuli ni sentimita 20 za maji. Kanuni iliyotokana na wanaume (presha jumlisha kasi mara tano) inatoa 85, chini ya 100: dhaifu. Kanuni ya wanawake (presha jumlisha kasi) inatoa 33, na kawaida ni 30 hadi 75: mzima! Wanawake wengi hukojoa kwa kulegeza misuli ya nyonga tu, na mlango ukiwa umelegea msuli hauna cha kupambana nacho.

Kwa hiyo aanze kukojoa faraghani kwenye kipimo cha kasi, angalau mililita 150. Akitiririka vizuri huko na kubakiwa na kidogo, halafu mbele ya mashine asitoe hata tone, usiandike “kibofu dhaifu”. Andika “hakuweza kukojoa wakati wa kipimo”, umrudie siku nyingine.